Waliofungua milango Pare na Taveta

Siku hizi hakuna andiko la mradi wa malaria lisilo na maneno "ushirikishwaji wa jamii". Ukisoma The Experiment Must Continue (2015), kitabu cha mwanahistoria Melissa Graboyes, maneno hayo yanaanza kukukera.

Chukua mradi wa Pare-Taveta, mpakani mwa Tanganyika na Kenya. Katikati ya miaka ya 1950 nyumba zilianza kupulizwa dieldrini. Mwaka 1959 upulizaji ukakoma. Malaria ilishuka sana, sawa. Lakini kinga ya mtu mzima hujengwa kwa kuambukizwa mara kwa mara. Maambukizi yakikatika miaka kadhaa, nayo hufifia. Sasa dawa ikisitishwa, mbu wakirudi, je? Hapo ndipo Graboyes anapokaza: jaribio linaishaje, na nani anadaiwa nini. Sisi watafiti (nami nimo) tunahesabu milango iliyofunguliwa, basi, tunaiita ridhaa.

Ninacholalamikia ni kimoja tu. Kitabu kiko kwa Kiingereza. Mzee aliyewafungulia wapulizaji mlango akiwa kijana, atasomewa na nani?