Mhimili, Nguzo au Pau? Istilahi za Grafu katika Shule ya Msingi

Tangu Kiswahili kilipofanywa lugha ya kufundishia katika shule za msingi nchini Tanzania mwaka 1967, mwalimu wa hisabati amehitaji jina la kila kitu anachokichora ubaoni. Katika grafu ya takwimu anahitaji majina mawili: la mstari wa kupimia, na la mstatili unaosimama juu yake kuonyesha idadi. Neno mhimili tunalikuta likitumika kwa yote mawili. Hapo ndipo kosa lilipo.

Tuseme darasani wanafunzi 12 huja shuleni kwa miguu, 6 kwa baiskeli na 3 kwa daladala. Mwalimu anaagiza: "Choreni mihimili." Je, mtoto achore mistari miwili, wima na mlalo, au mistatili mitatu? Kanuni ya kuisoma grafu hiyo inachekesha zaidi: "Urefu wa mhimili husomwa kwenye mhimili." Mtoto akishindwa mtihani kwa swali la namna hii, aliyeshindwa ni mtunzi.

Kwa maoni yetu, mhimili ubaki kwenye mstari. Neno hilo ni la ukoo mmoja na himili, na mstari huo ndio unaobeba kipimo chote: sifuri yake, na mgawanyo wake ulio sawa, mathalani mraba mmoja wa daftari kwa wanafunzi watatu.

Kwa mstatili, wapo wanaopendelea nguzo. Ni neno zuri, lakini nguzo husimama. Ikilala si nguzo tena, bali gogo. Na mistatili ya grafu huruhusiwa kulala. William Playfair, Mskoti, alipochapisha grafu ya namna hii mwaka 1786, kuonyesha biashara ya Uskoti na nchi 17, aliilaza. Baa hatulijadili, walimu wanajua darasa litacheka kwa nini.

Tunaunga mkono pau. Upau ni ufito mrefu wa paa, na pau hufungwa kwa kuachiana nafasi ili makuti yapate pa kushikia. Nafasi hiyo ndiyo mwanafunzi anayotakiwa kuiacha kati ya miguu, baiskeli na daladala, kwa kuwa ni makundi mbalimbali. Mtoto aliyekulia chini ya mabati huenda hajaona upau. Mwalimu na achore paa kwanza, ni kazi ya dakika mbili. Wanaodhani kuwa neno hili ni Kiingereza kilichovishwa kanzu wamedanganywa na sauti tu. Watafsiri wa programu za kompyuta nao wamekwisha kulitumia katika "upau wa zana".

Sasa kanuni inasomeka: "Urefu wa upau husomwa kwenye mhimili." Wahariri waangalie upatanisho: upau mrefu, pau ndefu; si "mapau marefu", wala "pau kirefu".