Mahadhi Yalitumikiayo Neno

Msomaji, huenda umepata kusikia nyimbo za Kilatini ziimbwazo pasipo ngoma, waimbaji wote wakifuata sauti moja. Huo ndio uimbaji wa Kigregori wa Kanisa Katoliki. Wengi wausikiao mara ya kwanza hudhani ni mnung'uniko usio na mapigo. Hukumu hiyo ni ya haraka; nakusihi usiitoe kabla ya kusikiliza.

Jina lake latokana na Papa Gregori Mkuu, aliyefariki mwaka 604. Lakini wataalamu huona kwamba sehemu kubwa ya nyimbo hizo ilipata umbo lake katika karne ya 8 na ya 9, katika nchi za Wafranki. Basi uzuri wake usitegemee jina la mtu mkubwa. Na upimwe kwa kazi yake.

Kazi yake ni kulitumikia neno. Sikiliza zaburi iimbwavyo: maneno ni mengi, kwa hiyo karibu kila silabi hupewa noti moja, na mahadhi hukaa mahali pamoja, yakageuka penye vituo tu, ili maana isizame. Kisha sikiliza Aleluya: neno ni moja, na silabi yake ya mwisho hubeba noti nyingi, kama mtu aliyejawa na furaha hata maneno yakamwishia. Mwendo wa wimbo hutoka katika usemi wenyewe. Huo ni ustadi mkubwa, maana mahadhi hujua wakati wa kujizuia na wakati wa kujiachia.

Kasoro ipo vilevile. Asiyejua Kilatini hupokea chombo akakosa kilichomo. Mtaguso wa Pili wa Vatikano, katika hati yake ya Liturujia ya mwaka 1963, uliupa uimbaji huu nafasi ya kwanza katika liturujia ya Kirumi, mambo mengine yakiwa sawa. Hati iyo hiyo ikataka muziki wa jadi wa mataifa uheshimiwe. Sioni ugomvi hapo. Audharauye uimbaji huu kwa ugeni wake, na aidharauye ngoma kwa kuwa ni ya nyumbani, wote wawili wamelihukumu vazi wasimtazame mvaaji.

Kwa hiyo, usikiapo wimbo wowote wa ibada, uwe wa Kilatini au wa Kiswahili, jiulize: je, mahadhi haya yanisaidia kulisikia neno, au yamelifunika?