Usiku wa Karanga Ulioporwa

Saa saba mchana, kambi ya Karanga, kiongozi mkuu alitazama saa yake, akatazama mawingu yaliyokuwa yakipanda kutoka upande wa Mweka, akasema: "Wageni wako fiti, tunapiga Barafu leo leo." Mliotazama filamu ya safari ile ya Kilimanjaro kwa njia ya Machame mnaijua dakika ninayoisema. Yote yaliyofuata usiku ule, kutapika, kilio cha Stella Point, machela alfajiri, yalizaliwa pale. Kampuni siitaji jina. Moshi ni mji mdogo.

Siku tatu za kwanza sina neno nazo: walifika Lava Tower, wakala, wakashuka kulala Barranco kama inavyotakiwa, na ukuta wa Barranco wakauvuka kesho yake asubuhi bila fujo.

Sasa Karanga. Njia ya Machame ya siku sita na ile ya siku saba zinatofautiana kwa usiku mmoja tu, nao ni huo. Wanaoufuta wana hoja ya siku zote: Barranco iko karibu mita 3,960, Karanga karibu 4,000, basi mtu analala Karanga apate nini? Ukiitazama ramani kwa haraka, hoja inasimama. Lakini faida ya Karanga haiko kwenye mita. Iko kwenye saa. Anayelala pale anatembea nusu siku, anakula mchana, anakunywa, analala usiku mzima, kesho yake anafika kambi ya Barafu kabla ya chakula cha mchana na ana saa kumi za kujinyoosha kabla ya kuamshwa. Anayepitiliza anafika Barafu jioni, miguu ikiwa bado inatetemeka.

Ndivyo ilivyokuwa. Walifika saa kumi na moja jioni. Chakula saa kumi na mbili na nusu, maelezo ya safari ya kileleni, kupanga begi, kuhangaika na betri za taa. Saa tano usiku wakaamshwa. Ukitoa muda wa kugaragara ndani ya mfuko wa kulalia kwenye mita 4,670, ambako hata aliyezoea hupoteza pumzi usingizini akashtuka, sidhani kuna aliyelala saa mbili kamili. Na mbele yao kulikuwa na mita 1,200 za kokoto, kwenda mahali ambapo kanieneo ya hewa ni karibu nusu ya ile ya Tanga.

Kanuni inayofundishwa kila mahali ni kwamba ukishavuka mita 3,000, kimo cha kulala kisiongezeke kwa zaidi ya mita 500 kwa siku. Kutoka Barranco hadi Barafu ni mita 700, na huko Barafu kwenyewe hawakulala, walijilaza. Kwa hiyo watu ambao hawajawahi kulala usiku kamili juu ya mita 4,000 walipelekwa 5,895. Oksimita, kipimo cha oksijeni ya damu, ilionekana kwenye filamu mara moja tu, Karanga, wageni wakiwa wameketi na chai mkononi. Kipimo kilichohitajika ni cha Barafu, saa nne usiku. Kama kilichukuliwa, kamera haikukiona.

Kuna hili lingine ambalo wachambuzi wa mezani hawaligusi: maji. Watu husema Kilimanjaro wakaona msitu na ukungu. Kutoka mita 4,000 kwenda juu ni jangwa, na silitumii neno hilo kwa mapambo. Mvua haifiki milimita 250 kwa mwaka, ardhi ni majivu na mawe, jua la mchana linababua na usiku maji yanaganda. Hewa kavu inakausha koo kwa kila pumzi, na mtu anahitaji lita tatu hadi nne kwa siku hata kama hajisikii kiu. Barafu, pamoja na jina lake, haina maji. Kijito cha mwisho kwenye njia ile kiko bonde la Karanga, na kila tone la chai, uji na supu linalonywewa Barafu limebebwa kichwani au mgongoni na wagumu, yaani wapagazi.

Sasa piga hesabu. Mgumu amebeba kilo zake ishirini kutoka Barranco, amepanda ukuta, ameshuka bonde na kupanda tena hadi Barafu. Siku ya kawaida kazi ya kambi imegawanywa mara mbili na maji yanachotwa asubuhi. Siku ile vijana walitua mizigo jioni, wakageuka na madumu kushuka Karanga, wakarudi gizani. Maji yakapungua, hilo halikwepeki. Wageni wakatoka na lita moja na nusu kila mmoja, na mipira ya kunyonyea ikaganda kabla hawajafika nusu ya mteremko. Hakuna aliyewaambia wageuze chupa kichwa chini ili barafu ianze kitakoni badala ya mdomoni. Jambo dogo, lakini kiongozi aliyechoka husahau madogo kwanza.

Hans Meyer simpendi kwa mengi, na kukipachika kilele chetu jina la mfalme wake ni moja ya hayo. Hata hivyo hesabu ya kambi aliijua. Mwaka 1887 barafu ilimrudisha. 1889 alikuja na Ludwig Purtscheller, akaweka kambi juu ya mita 4,000, chakula kikipandishwa kwa zamu kutoka chini. Tarehe 3 Oktoba walifika ukingo wa kreta, wakakiona kilele, hakiko mbali, nao wamechoka na saa zimekwenda. Wakageuka! Wakashuka, wakapumzika, tarehe 5 wakalala pangoni karibu zaidi, na tarehe 6 wakafika juu. Kambini alibaki Mwini Amani, mtu wa Pangani, mzawa wa joto na minazi, akiishi kwenye baridi ile kambi isife. Vijana wa siku hizi hubishana kuhusu umri wa mzee Yohani Kinyala Lauwo, anayetajwa kuwa kiongozi wa Meyer. Mwini Amani hawamjui kabisa, na kazi yake ndiyo iliyorukwa Karanga.

Najua nitajibiwa kwa Karl Egloff, aliyepanda na kushuka mwaka 2014 kwa saa 6 na dakika 42. Egloff alizaliwa Quito, mji ulio kwenye mita 2,850, na milima mirefu ndiyo ofisi yake. Mhasibu aliyetua KIA Jumamosi si Egloff, hata akiwa anakimbia kila asubuhi. Ufiti ni wa mapafu na miguu. Damu ina ratiba yake.

Nimeandika hapa mara nyingi kuhusu Marangu ya siku tano, sitarudia yote. Ada za hifadhi hutozwa kwa siku, mteja huuliza bei kabla ya kuuliza njia, na kampuni hukata siku mahali ambapo mteja haoni. Kisha kiongozi anaimba "pole pole" kwenye kila hatua, miguu inatii, kalenda inakimbia.

Utetezi uliobaki ni hali ya hewa, kwamba mawingu ya Mweka yalitisha. Mawingu yale hupanda karibu kila mchana na kila anayefanya kazi upande wa kusini anayajua. Mara nyingi usiku yamekwisha kushuka, na usiku ule yalishuka: filamu yenyewe inaonyesha nyota tangu wanatoka Barafu. Hata kama kungekuwa na dhoruba kweli, mahali pa kuisubiri ni Karanga, penye maji.

Waliofika Uhuru walifika, nawapongeza. Waliogeukia Stella walitanguliwa na machela kushuka Mweka, ikisukumwa kwa kasi na vijana wale wale waliochota maji gizani. Filamu inaishia kwenye kibao cha kilele. Majina ya wagumu hayamo kwenye orodha ya mwisho, ila jina la kiongozi mkuu limo, la kwanza.