Kwa nini sheli hukauka kabla ya Jumatano ya kwanza

Urusi iliivamia Ukraine tarehe 24 Februari 2022, na kabla wiki mbili hazijaisha pipa la mafuta ghafi ya Brent lilikuwa limegusa dola 139. Tabata, jijini Dar es Salaam, kulikuwa shwari. Kuanzia Relini hadi Segerea, sheli ziliuza Machi nzima kwa bei iliyokokotolewa kwa mafuta yaliyonunuliwa kabla ya vita. Aprili bei ikapanda, watu wakanung'unika. Kishindo chenyewe kilifika Jumatano ya tarehe 4 Mei: petroli ya Dar es Salaam ikawa shilingi 3,148 kwa lita, na dizeli, iliyokuwa 2,692 mwezi Aprili, ikaruka hadi 3,258. Vita vilitumia zaidi ya miezi miwili kutoka Ukraine hadi Tabata Bima.

Ucheleweshaji huo haukutokana na uzembe wa mtu. Umo ndani ya kanuni ya kukokotoa bei ya mafuta, na anayeielewa kanuni ataelewa pia kwa nini siku za mwisho wa mwezi mtu huzunguka na pikipiki sheli tatu, nne, kote anaambiwa mafuta yamekwisha.

Tanzania haina kiwanda cha kusafisha mafuta, kwa hiyo kila lita inaletwa na meli ikiwa tayari ni petroli au dizeli. Zamani kila kampuni iliagiza ya kwake. Meli zilikuwa ndogo, zilijazana nje ya bandari zikisubiri zamu, na gharama za kusubiri zililipwa na mnunuzi wa mwisho. Tangu mwaka 2012 hivi tunaagiza kwa pamoja. Kampuni zinataja mahitaji yake ya mwezi, Wakala wa Uagizaji Mafuta kwa Pamoja unatangaza zabuni, na anayeomba premiamu ndogo kuliko wenzake ndiye anayeleta mzigo wa wote. Premiamu ni kile kinachoongezwa juu ya bei ya mafuta yenyewe: nauli ya meli, bima, gharama za mkopo na faida ya mleta mafuta. Hutajwa kwa dola kwa tani. Bei ya mafuta yenyewe hakuna anayebishania, maana inachukuliwa kutoka kwenye wastani wa soko la Ghuba ya Uarabuni unaochapishwa na kampuni ya Platts.

Meli ikishapakua, iwe Kurasini au kwenye boya la baharini upande wa Mjimwema, EWURA, mamlaka ya udhibiti wa nishati na maji, inachukua gharama hizo, inazigeuza kuwa shilingi kwa thamani ya dola ya wakati huo, inaongeza kodi, tozo za bandari, faida ya kampuni, faida ya sheli na usafiri wa lori. Jumla ndiyo bei kikomo, nayo hutangazwa kila Jumatano ya kwanza ya mwezi. Sheli inaruhusiwa kuuza chini ya hapo, lakini hairuhusiwi kuvuka. Kila wilaya ina kikomo chake, na ukipiga *152*00# unaweza kukiona kabla hujafika kwenye pampu. Hesabu yenyewe imetandazwa hadharani, na katika mambo ya fedha za umma hapa kwetu sijui kama kuna mengi yaliyo wazi kiasi hicho.

Kuna jambo moja kwenye kodi ambalo watu wengi hulichukulia kinyume. Mafuta yanapopanda duniani, utasikia kijiweni kwamba serikali inavuna. Kwa lita moja, haivuni. Ushuru wa bidhaa, tozo ya mafuta inayokwenda kwenye barabara na ile inayosambaza umeme vijijini, vyote vimewekwa kwa shilingi kwa lita, si kwa asilimia, na petroli haitozwi VAT. Pipa liwe dola 60 au 120, kodi kwenye lita yako haibadiliki mpaka Bunge liibadilishe.

Ndiyo maana Mei 2022 serikali ilikuwa na njia mbili: kupunguza kodi kwa kurudi bungeni, au kuweka fedha taslimu ndani ya kanuni. Ilichagua ya pili. Tarehe 9 Mei Rais Samia Suluhu Hassan alitangaza ruzuku ya shilingi bilioni 100, ianze Juni bila kungoja mwaka mpya wa fedha. Fedha hizo hazikugawiwa kwa mtu. Ziliingizwa kwenye hesabu ya EWURA, na tarehe 1 Juni petroli ya Dar ikashuka hadi 2,994 na dizeli hadi 3,131, wakati soko la dunia bado lilikuwa juu. Agosti, ruzuku ikiwa bado ipo, petroli ilifika 3,410. Septemba ikarudi 2,969.

Kiutekelezaji ilikuwa kazi safi: haikuhitaji orodha ya walengwa, wala vocha, wala foleni ya ofisi ya kata. Udhaifu wake unatoka hapohapo. Anayejaza lita 90 kwenye gari lake la kutembelea alipata ruzuku mara nyingi zaidi ya dereva wa bodaboda anayeweka lita mbili. Abiria wa daladala karibu hakupata chochote. LATRA, mamlaka ya udhibiti wa usafiri wa ardhini, ilikuwa imepandisha nauli tangu katikati ya Mei, umbali wa hadi kilomita 10 ukitoka shilingi 400 hadi 500. Dizeli iliposhuka mwezi uliofuata, nauli ilibaki palepale. Desemba 2023 ikawa 600. Sehemu kubwa ya mwaka 2025 petroli ya Dar iliuzwa chini ya 3,000, na konda wa Tabata hakurudisha hata hamsini. Mafuta yana kanuni inayokokotolewa upya kila mwezi. Nauli hupandishwa kwa maombi ya wenye mabasi, na sijawahi kusikia wakiomba ishushwe.

Sasa turudi kwenye sheli kavu.

Kwa kuwa bei ya mwezi ujao inatokana na meli ambazo zimeshapakua na bei za Ghuba ambazo zimeshachapishwa, mtu yeyote wa biashara hii anajua mapema Jumatano italeta nini. Chukua Julai 2023. Petroli ya Dar ilikuwa 2,736. Bajeti mpya ilikuwa imeongeza tozo ya shilingi 100 kwa lita, dola zilikuwa adimu benki, na premiamu zilikuwa zimepanda. Hayo yote yalijulikana. Tarehe 2 Agosti bei ikawa 3,199, ongezeko la shilingi 463. Mwenye sheli aliyekuwa na lita 20,000 kwenye tangi la chini ya ardhi angeweza kuziuza wiki ya mwisho ya Julai, au kusema pampu imeharibika, akangoja siku chache na kupata zaidi ya milioni 9 za ziada. Faida halali anayowekewa na EWURA kwa lita ni ndogo mno mbele ya 463.

Uhaba wa msimu ule ulikuwa na sababu ya kweli pia, kwani bila dola kampuni haziwezi kulipia meli. Lakini EWURA ilizifungia baadhi ya sheli kwa kosa la kuficha mafuta, kwa hiyo si dola peke yake. Bei ikitarajiwa kushuka nako kuna shida: hakuna anayetaka kulala na tangi lililojaa mafuta ya bei ya jana, kwa hiyo kila mmoja anaagiza kidogo. Agosti 2011 ilikuwa wazi zaidi. EWURA ilishusha bei, kampuni zikagoma kuuza, Dar ikasimama kwa siku kadhaa, na kampuni moja kubwa ikafungiwa leseni kwa miezi mitatu. Kikomo kinamzuia muuzaji kuzidisha bei. Hakimlazimishi kufungua pampu.

Kwa tatizo la dola, jirani zetu walijaribu njia nyingine. Aprili 2023 Kenya iliacha zabuni ya wazi ikaingia mkataba na kampuni za serikali za Saudia na Falme za Kiarabu, ikipewa siku 180 za kulipa, ili kupunguza kasi ya kusaka dola. Shilingi yao iliendelea kuporomoka hadi karibu 160 kwa dola Januari 2024. Deni liliahirishwa tu. Sisi tulibaki na zabuni, na kwa maoni yangu tulifanya vema, kwa sababu zabuni inaonyesha premiamu ya kila mwezi na mtu anaweza kuihoji.

Kinachohitaji kurekebishwa ni kalenda. Ghana bei hubadilika kila wiki mbili. Hapa pia EWURA ingeweza kutangaza mara mbili kwa mwezi. Mruko wa 463 ungegawanyika, na anayefungia mafuta angekuwa anasubiri faida ndogo kwa kila tangazo. Kwa muuzaji mwenye mkopo wa benki na wateja wa kila siku wanaoweza kuhamia sheli ya jirani, pengine isingelipa. Gharama yake ni usumbufu: mabango ya bei yangebadilishwa mara nyingi zaidi, na ofisi ya EWURA ingekokotoa mara 24 kwa mwaka badala ya 12. Watasema gharama za meli hujumlishwa kwa mwezi mzima. Ni kweli, lakini bei ya Ghuba na thamani ya dola huchapishwa kila siku ya kazi, na hizo mbili ndizo zinazobeba sehemu kubwa ya mabadiliko tunayoyasikia kila Jumatano ya kwanza.