Viini Vinavyopashana Habari

Muuza simu atakutajia viini vinane vya prosesa na kuishia hapo. Mimi ninachokisifu hakiandikwi kwenye boksi: ufundi wa kuvifanya viini hivyo vikubaliane.

Zamani prosesa iliongezwa nguvu kwa kuongezwa kasi, mpaka joto likagoma. Mwaka 2004 Intel iliachana na mpango wa Pentium 4 ya gigahezi 4, ikageukia viini viwili. IBM ilikwishatangulia na POWER4, mwaka 2001. Tena mwaka 1996, Kunle Olukotun, mhandisi mwenye asili ya Nigeria, na wenzake wa Stanford walishatetea hoja ya viini vingi vyepesi badala ya kimoja kikubwa. Fikra hizo zilizaa Niagara ya kampuni ya Sun mwaka 2005, yenye viini vinane.

Kuvipanga viini kwenye silikoni si kazi ngumu kuliko zote. Ugumu uko kwenye kumbukumbu. Kufuata data kwenye RAM hukipotezea kiini muda mwingi, kwa hiyo kila kimoja hupewa kache yake, yaani kumbukumbu ndogo ya karibu. Basi tuseme salio ni 500, na viini viwili vina nakala yake. Kimoja kikiandika 300, kingine bado kinasoma 500. Kipi kiaminiwe?

Jibu la mafundi wa prosesa, kwangu mimi, ni miongoni mwa mambo mazuri kabisa yaliyowahi kubuniwa. Kila safu ya kache, aghalabu baiti 64, hubeba alama ya hali yake: imebadilishwa, ni yangu peke yangu, tunayo wengi, au haifai tena. Kiini hakiandiki juu ya safu iliyo kwa wengi kabla ya kuhakikisha nakala za wenzake zimebatilishwa. Kitakachosoma baadaye kitapelekewa 300. Mpango huu ulichapishwa na watafiti wa Chuo Kikuu cha Illinois mwaka 1984, na aina zake zinafanya kazi hadi leo, kimyakimya, mamilioni ya mara kwa sekunde.

Wewe unayejifunza kuandika programu, wasaidie mafundi hawa. Igawe kazi yako ili viini vyote vipate cha kufanya, na data zinazoandikwa mara kwa mara na viini tofauti usiziweke kwenye safu moja, maana viini vitanyang'anyana safu hiyo na programu yako itakwenda polepole.