Wachora Nyayo

Trafalgar Square, uwanja mashuhuri wa London, kwa miaka mingi ulikuwa kama kisiwa. Magari yaliuzunguka pande zote. Watalii walijipenyeza, wakapiga picha chini ya mnara wa Nelson, wakatoka. Wenyeji hawakuingia. Walipita pembeni, hata pale ambapo kukatiza katikati kungewapunguzia hatua. Ofisi ya mbunifu Norman Foster ilipopewa kazi ya kulitengeneza upya eneo hilo katika miaka ya 1990, tabia hiyo ilibidi ionekane kwenye karatasi kwanza, kabla ya jiwe lolote kuguswa. Wakaitwa watu ambao mimi nawaita wachora nyayo.

Walikuwa watu wa Bill Hillier, profesa wa University College London, ambaye tangu miaka ya 1970 alichunguza jinsi umbo la mitaa linavyoongoza miguu ya watu. Mwaka 1984, yeye na Julienne Hanson walitoa kitabu cha nadharia hiyo, The Social Logic of Space. Nadharia ina hesabu nyingi, lakini chini yake kuna kazi ya macho na mikono, na hiyo ndiyo ninayoisifu hapa.

Kazi huanza na mstari usiokuwepo. Mchoraji husimama kando ya barabara, huwazia uzi uliovutwa kutoka ukuta huu hadi ule, kisha humhesabu kila anayeuvuka kwa dakika chache. Husogea mtaa wa pili, akawazia uzi mwingine. Baadaye hurudi palepale, maana mtaa wa saa mbili asubuhi si ule wa saa saba mchana, na wa Jumatatu si wa Jumamosi. Mvua ikinyesha, hesabu ya siku hiyo huwekwa kando. Kisha huja kazi ngumu zaidi, kufuata. Humchagua mtu anayetoka stesheni, humwandama kwa mbali bila kumsumbua, na penseli hutambaa juu ya ramani kadiri yule anavyokwenda: hapa alisita, hapa alivuka nje ya kivuko, hapa aligeuka nyuma. Akifika mwisho wa eneo, mchoraji humwachia aende zake, akarudi kumchukua mwingine. Mistari kumi haisemi kitu. Ikifika mamia, karatasi huwa nyeusi mahali fulani na kubaki nyeupe pengine, na weupe huo humlazimisha mtu kuuliza: mbona hapa hapapitwi?

Hillier alishikilia kwamba jicho hutangulia mguu. Mtu huelekea kule anakoweza kuona mbele. Pale Trafalgar, ukuta wa upande wa kaskazini ulizuia vyote viwili. Basi barabara iliyopita mbele ya National Gallery ikafungwa kwa magari, ukuta ukakatwa, na ngazi pana ikajengwa katikati. Kazi ilikamilika mwaka 2003. Leo watu hukatiza uwanjani na kuketi kwenye ngazi hizo, na sidhani wengi wao wanajua kwamba zimekaa pale kwa sababu kuna waliokubali kutembea nyuma ya wengine na karatasi mkononi.

Katika ufundi huu, ninayempenda kuliko wote ni William H. Whyte wa New York. Sheria ya mji huo ya mwaka 1961 iliwaruhusu wajenzi kuongeza ukubwa wa majengo iwapo wangeacha uwanja wazi kwa umma. Viwanja vikapatikana, vingi vikabaki vitupu. Katika miaka ya 1970 Whyte na vijana wake walitega kamera juu ya majengo, tena wakashuka chini na ramani kuweka alama kwa kila aliyeketi: mwanamume au mwanamke, peke yake au na wenzake. Wakapima jua, wakapima ukubwa, wakapima umbo. Kilichovuta watu kuliko vyote kilikuwa mahali pa kukaa. Jibu hilo ni jepesi hadi linaudhi, lakini mwenye jengo hashindwi kwa jibu jepesi lisilo na ushahidi. Kwa ushahidi wa Whyte, kanuni za mji zilibadilishwa mwaka 1975, na viwanja vikatakiwa kuwa na viti. Anayeishi Mji Mkongwe wa Unguja, ambako kuta nyingi zina baraza za mawe za kukalia, ataielewa ramani ile bila kufafanuliwa.

Kuna ramani nyingine ya Whyte ninayoiwaza mara nyingi zaidi. Ni ya kona ya Fifth Avenue na 50th Street, mbele ya duka la Saks, na inaonyesha waliosimama kuzungumza. Yeye alitarajia wazungumzaji wajitenge ukutani, watoke kwenye msongamano. Alama zikaonyesha kinyume: walisimama katikati kabisa ya mkondo, wakipigwa vikumbo, wala hawaondoki. Hakuna dodoso ambalo lingeleta habari hiyo, kwa sababu wenyewe hawakujua kwamba wanafanya hivyo.

Copenhagen nako, barabara ya Strøget ilipofungwa kwa magari mwaka 1962, wenye maduka walihofia kufilisika. Mbunifu Jan Gehl alianza kuhesabu watu miaka ile, akaendelea kwa miongo, hadi hesabu zikawa ndizo zinazojibu hofu.

Siku hizi simu za mfukoni hutoa njia za maelfu ya watu kwa mara moja, na sizikatai. Ila simu haisemi kama mtu alisimama kwa uchovu au kwa kukutana na rafiki. Tena simu hubaki na mwenyewe, inajua kwake na kazini kwake. Penseli humsahau. Hubakiza mstari tu, bila jina, na kwangu hiyo ni heshima kubwa ambayo ufundi huu unampa mpita njia.

Kwetu ufundi huu unahitajika kweli, kwa sababu wengi wetu tunatembea. Barabara ya Thika jijini Nairobi ilipopanuliwa na kukamilika mwaka 2012, iliwekewa madaraja ya watembea kwa miguu, na bado watu waliendelea kuvuka chini, mbele ya magari. Wakaitwa wakaidi. Mimi ningetaka kwanza kuiona mistari yao: wanashuka wapi kwenye matatu, soko liko upande gani, ngazi ya daraja inawazungusha kiasi gani. Nawaza pia Kariakoo, Dar es Salaam. Wanafunzi wa mipango miji wa Chuo Kikuu Ardhi waende Mtaa wa Kongo alfajiri, machinga wakiwa wanatandika bidhaa, warudi saa sita, warudi tena magenge yanapofungwa. Wamfuate mnunuzi, kisha wamfuate kuli mwenye mzigo kichwani, halafu mama ntilie anayepeleka sahani za wali dukani, maana hao watatu hawapiti njia moja, na mpango unaochorwa kwa ajili ya mnunuzi peke yake utamfukuza kuli barabarani na kumfungia mama ntilie wateja wake. Na wafanye hivyo kabla zabuni haijatangazwa, mstari ukiwa bado unaweza kufutika kwa raba.