Umati wa Corner

inFamous 2 ilitoka Juni 2011, lakini mimi niliicheza 2013, katika kibanda cha mabati nyuma ya stage ya Dagoretti Corner, mbao kwa nusu saa. Mwenye kibanda hakuipenda kabisa. FIFA inaleta watu sita, kelele, dau za chini ya maji, soda zinanunuliwa. Gemu ya stori inaleta vijana wawili walionyamaza kwenye benchi kama wanaongoja kuitwa na daktari. Alituvumilia kwa sababu tulikuja asubuhi, wakati wateja wake wa FIFA wako shule. Sisi tulikuwa tumemaliza Form Four mwaka uliotangulia, na kazi yetu ilikuwa kungoja maisha yaanze.

Tulikuwa na utaratibu. Kila mmoja alihifadhi safari yake kando. Mimi nilicheza upande wa bluu, beshte yangu akacheza nyekundu. Si kwa ubaya wake; alisema tu kwamba moto unapendeza kuliko barafu, na hapo siwezi kumpinga.

Kwa ambaye hajaishika: unacheza kama Cole MacGrath, jamaa aliyekuwa akisambaza vifurushi kwa baiskeli mpaka kifurushi kimoja kikalipuka mikononi mwake, akatoka humo akiwa na stima mwilini. Hiyo ni gemu ya kwanza, ya 2009. Katika ya pili, kiumbe kinachoitwa Beast kinauvunjavunja mji wake, Cole anashindwa vita na kukimbilia New Marais, mji uliochorwa kwa mfano wa New Orleans, pamoja na mtaa mzima uliozama kwenye mafuriko. Beast naye anashuka polepole pwani akimfuata, na gemu inakuhesabia maili zilizobaki. Wakati Ngong Road ilipokuja kupanuliwa miaka ile ya baadaye, na alama nyekundu za X zikaanza kuonekana kwenye vibanda kimoja baada ya kingine, niliikumbuka ile hesabu ya maili.

Sucker Punch, kampuni ya Marekani iliyoitengeneza, ilijua kujenga mji wa kutembea. Unapanda ukuta wowote, unateleza juu ya waya za stima kama uko kwenye reli, unaruka toka paa hadi paa. Nguvu zikikuishia unavuta stima kutoka kwenye mlingoti wowote, bila mita, bila tokeni. Mwenye kibanda, ambaye waya wake mwenyewe ulikuwa na historia ndefu isiyofaa kuandikwa hapa, alikuwa akiona sehemu hiyo anacheka peke yake. Bado sijaona gemu inayofanya mwendo wa mtu mjini uwe raha namna hiyo, na kama ningekuwa naandika juu ya mwendo tu ningeisifu hadi kesho.

Lakini gemu hii ilijiuza kwa jambo lingine: uamuzi. Kila tendo lina rangi. Ukimkuta mtu amelala barabarani anakata roho, unaweza kumshtua kwa stima kidogo akainuka, au ukamnyonya nguvu iliyobaki ndani yake ujazie zako. La kwanza bluu, la pili nyekundu. Una washauri wawili. Kuo, ajenti wa serikali, kila mara anataka watu waokolewe kwanza. Nix, mwanamke aliyekulia mabwawani, anataka kitu kilipuke. Ukimsikiliza mmoja mara nyingi, unafungua nguvu ambazo mwingine hatakupa. Kwa hiyo baada ya saa mbili tatu huamui tena chochote, unaweka akiba. Hili limelalamikiwa na watu wengi na ni kweli, lakini si ndilo lililonikaa.

Lililonikaa ni umati. Mji wa Cole umejaa watu wanaopita, na watu hao ndio kioo chako. Ukiwa bluu wanakushangilia, wanakupiga picha, wanakuita kwa jina. Ukiwa nyekundu wanakukimbia na kukuzomea, na tangu gemu ile ya kwanza kuna wanaookota mawe. Huhitaji hata kutazama kipimo kilicho kwenye kona ya skrini. Shuka tu kutoka kwenye paa, simama katikati ya barabara, usikilize. Umati unajua wewe ni nani.

Sasa niseme kilichotokea siku moja ya Jumanne.

Nilikuwa nimemaliza nusu saa yangu. Nakumbuka vizuri kwamba nilikuwa nimewainua majeruhi wengi asubuhi hiyo, kipimo kikapanda ngazi, nikafunguliwa nguvu mpya. Nikamwachia beshte pedi, nikatoka kununua mandazi. Pale stage, kati ya matatu za 111 na zile za kuingia Kawangware, kulikuwa na zogo. Mama mmoja alikuwa amenyang'anywa simu kupitia dirishani. Kijana mwenye jaketi ya kijivu alikuwa amenipita muda mfupi uliopita, akitembea kasi, akaingia kichochoro cha upande wa maseremala, wale wanaopanga vitanda na sofa kando ya barabara. Hakuwa anakimbia. Makanga mmoja akaniuliza, "Buda, ameenda wapi?"

Nikaonyesha kwa kidole.

Sikufikiri. Hakuna kilichosimama ili nifikiri. Katika gemu, uamuzi mkubwa ukifika, dunia inatulia, Cole anajisemea moyoni faida ya huku na hasara ya kule, kisha unabonyeza. Mimi niliulizwa swali na mkono ukainuka wenyewe. Walimtoa kichochoroni wakiwa kama kumi, walipofika barabarani walikuwa hamsini. Jiwe la kwanza sijui lilitoka wapi. Simu hawakumpata nayo.

Aliyesimama mbele yake alikuwa mama wa mboga. Si mkubwa wa mwili, si mtu wa maneno. Alisema tu, "Huyu namjua, hajaiba, mwacheni," akarudia, na tena. Wakamtukana. Wakamwambia ni mama wa wezi. Mtu akapiga teke meza yake, nyanya zikatawanyika hadi kwenye lami, gari likazikanyaga. Hakuondoka hapo hadi polisi wakafika, wakamtupa yule kijana nyuma ya Probox wakaenda naye. Alikuwa anapumua. Zaidi ya hapo sijui.

Nilirudi kibandani bila mandazi. Beshte aliniuliza kelele ni za nini nikamwambia mwizi. Nilisema hivyo: mwizi.

Kwa kipimo cha New Marais, siku ile mama wa mboga alikuwa nyekundu. Alizomewa, akarushiwa maneno na vitu, kazi yake ikaharibiwa. Mimi nilikuwa bluu, niliyeusaidia umati kupata ulichotaka, na kuna mtu hata alinipiga begani kwa kunipongeza. Gemu haina namna ya kulielewa jambo hili, na hapo ndipo ninapoishtaki. Imefanya wema na kupendwa viwe kitu kimoja, na ubaya na kuchukiwa viwe kitu kimoja, kisha ikakuambia kwamba huo ndio uamuzi wa maadili. Mtu wa Nairobi, aliyewahi kusikia neno lile likipigwa kelele sokoni, anajua kwamba kushangiliwa na watu mia hakuthibitishi lolote.

Ajabu ni kwamba stori yenyewe inajua. Adui mkubwa wa New Marais, ukimwacha Beast anayekuja, ni Bertrand, tajiri anayeongoza wanamgambo. Anasimama mbele ya watu akihubiri dhidi ya wenye nguvu kama Cole: wachafu, wageni, hatari kwa familia zenu. Watu wanampigia makofi. Wakati huohuo majitu yanayowala watu usiku yanatokana na yeye, na yeye mwenyewe ana nguvu ileile anayoilaani, ikimgeuza jitu kubwa kuliko yote. Ni picha kali ya mwanasiasa, nasi tunazijua picha hizo. Mwaka huohuo wa 2011 Andrew Kaggia alikuwa amewageuza wanasiasa wetu kuwa maroboti katika katuni ya Wageuzi, na sote tulicheka kwa sababu haikuhitaji maelezo. Mwandishi wa inFamous 2, basi, alifahamu kwamba umati unaweza kushonwa kama nguo. Lakini yule aliyetengeneza kipimo cha bluu na nyekundu hakusikia, au walikaa ofisi tofauti.

Kaggia alikuja kutoa Nairobi X mwaka 2015, gemu ya kupigana na wavamizi kutoka anga za mbali ndani ya jiji letu. Niliifurahia kwa kuwa tu iliniruhusu kuona Nairobi ikiwa upande wa pili wa pedi. Nilichotamani, na bado natamani, ni gemu ya hapa yenye umati ndani yake. Si umati wa kushangilia. Umati wa stage, unaoweza kukuokoa saa nne na kukuua saa tano.

Nitasema pia haki ya inFamous 2, kwa sababu mwisho wake ni bora kuliko mwili wake. Cole amekuwa akitafuta nguvu za kuwasha kifaa kinachoitwa RFI, akiamini kwamba kitamuua Beast. Kumbe kifaa hicho kitaponya tauni inayoua watu wa kawaida, lakini kitawaua wote wenye nguvu ndani yao, Cole akiwemo. Njia nyingine ni kuungana na Beast, wenye nguvu wabaki, wengine wote wafe. Na hapo Kuo, mshauri wetu wa bluu, anayetanguliza watu siku zote, anaogopa. Hataki kufa. Anaenda kwa Beast. Nix, mwanamke wa moto, anakataa kumfuata, kwa sababu zake mwenyewe ambazo si za utakatifu.

Nilipofika hapo kwa upande wangu nilitaka kumpigia kelele Kuo. Kisha nikamwelewa sana. Wema wake ulikuwa haujawahi kumgharimu. Kwa dakika kumi gemu inakitupa kipimo chake nje ya dirisha na kuongea kama mtu mzima, na naisamehe mengi kwa dakika hizo.

Lakini aliyetangulia kumaliza alikuwa beshte yangu. Ilikuwa Alhamisi, siku mbili baada ya yale ya stage. Akachagua Beast, bila kusita, kwa kuwa ndiyo njia yake. Akamuua Nix. Nilidhani imeisha. Kumbe Zeke alikuwa amebaki.

Zeke ni rafiki wa Cole tangu mwanzo. Mnene, hana nguvu zozote, anaongea sana, aliwahi kumsaliti katika gemu ya kwanza na amekaa gemu nzima ya pili akijaribu kurudishiwa imani. Anasimama mbele ya Cole na bastola yake, akijua kwamba haitafanya kitu. Na gemu haikuonyeshi sinema. Inakurudishia pedi. Ni wewe utakayempiga.

Beshte alikaa. Ndiye aliyekuwa amenyonya roho za nusu ya mji, ndiye aliyelipua mambo kwa wiki tatu akicheka. Akainyoosha pedi kwangu bila kutoa macho kwenye skrini.

"Maze, fanya wewe."

Nikaichukua. Zeke alikuwa pale, palepale, hajaondoka. Nikabonyeza.

Mwenye kibanda alikuwa amesimama mlangoni na vijana watatu nyuma yake, sare za shule zimefichwa ndani ya sweta. Akauliza kama tunaongeza mbao au tuwaachie watu wa FIFA.